Kituo cha QT cha jioni, Temeke: hesabu safi, risiti hakuna

Jina la kituo silitaji. Bado nasoma pale, na mkurugenzi wetu hasira zake ziko karibu. Itoshe kusema ni upande wa Temeke, ghorofani juu ya duka la rangi, vyumba vitatu na feni mbili, moja ndiyo inazunguka. Anayekijua ameshakijua. Asiyekijua nitamwambia cha kuangalia akitafuta cha kwake, maana mjini hapa vituo vya QT, mtihani tunaoanza nao tulioishia la saba tukitaka kidato cha nne, vimezagaa kama vibanda vya miamala.

Mimi ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. La saba nilimaliza 2002, wakati shule za kata bado hazijamwagika, jina langu halikutoka, nikabaki nyumbani. Tangu hapo nimefunga mahesabu ya matajiri watatu, nimepokea saruji usiku wa manane, nimekamata hadi wizi wa stoo. Ikitokea nafasi ya msaidizi wa mhasibu, anapewa kijana aliyekuja juzi na cheti. Chuo nilichokwenda kuulizia kinataka D nne za kidato cha nne, somo la dini halihesabiwi. Na D inaanzia alama 30! Nikasema hapana, hii siiachi.

Kwa sisi tulioishia la saba njia ni hii: unaanza na Mtihani wa Maarifa, ndiyo hiyo QT, unatungwa na Baraza la Mitihani. Ukifaulu ndipo unaruhusiwa kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Peke yake QT haikupeleki chuo. Nasisitiza kwa sababu bango la kituo chetu pale chini limeandikwa "Kidato cha nne kwa mwaka mmoja". Tunaye dada mmoja darasani, mama lishe wa Tandika, aliyelipa ada akiamini Novemba anakula pepa la fomu foo. Kumbe mwaka wa kwanza wote ni QT. Hakuna aliyemdanganya mdomoni, ila hakuna aliyemweleza pia.

Sasa mazuri, na mazuri yenyewe ni mwalimu wa hesabu. Kijana mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, anatuita "wazazi wangu". Siku ya riba hakugusa ubao kwanza. Aliuliza nani yuko kwenye kikoba, karibu darasa zima mikono juu. "Haya, mtu kakopa laki mbili, riba asilimia kumi kwa mwezi, anarudisha baada ya miezi mitatu. Ngapi?" Mama lishe akajibu hajamaliza kuuliza: laki mbili na sitini. Ndipo akaandika kanuni ubaoni, akachukua jibu la yule dada akalivunja, kila namba akaiweka chini ya herufi yake. Mzee mmoja, dereva wa daladala za Mbagala, akabisha: kwenye kikoba chao usipolipa mwezi huu, riba inapanda juu ya riba. "Baba, umeniwahi, hiyo ndiyo mada inayofuata," mwalimu akamwambia, akaifanya palepale. Ikaja 266,200. Mzee akainamia daftari muda mrefu kidogo, nadhani alikuwa anapiga hesabu za mkopo wake mwenyewe.

Halafu anasahihisha. Hili ndilo ningemwambia mtu yeyote aulize kabla ya kulipa: daftari langu litasahihishwa? Kituo nilichoanzia, Tabata, mwalimu alikuwa anapitisha tiki moja kubwa ukurasa mzima, hata pale nilipoacha swali wazi. Huyu wa sasa anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hatua ya pili iko wapi? Hapa umeacha alama." Kwa keshia hiyo ni dawa chungu, nimezoea jibu litoke kwenye mashine. Kwenye mtihani wa hesabu kalkuleta hairuhusiwi, unaingia na akili yako na kitabu cha majedwali. Logariti zimenitesa, lakini naziweza sasa.

Baiolojia inaridhisha. Mwalimu, dada mpole, anaeleza kwa Kiswahili mpaka tuelewe, kisha kila mtu anatunga sentensi zake za Kiingereza na kuzisoma kwa sauti, tunacheka, tunarekebishana. Uraia hapana. Mwalimu anaimlisha noti kwa Kiingereza cha mbio dakika arobaini, anafunga kitabu, anaondoka. Watu waliosoma msingi kwa Kiswahili tupu unawapa hivyo ili iweje?

Madesa yao msinunue. Wanauza shilingi 6,000 kwa somo, karatasi zimefungwa spairo. Nilifungua tovuti ya Baraza kwenye simu nikakuta mitihani ileile ya miaka iliyopita, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha swali gani watu walianguka na kwa nini. Bure kabisa. Kituo kimeongeza spairo tu. Vitabu navyo vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ukiwa na bando unasoma.

Kilichonikera zaidi ni usajili. Mwanzoni mwa mwaka walikusanya hela zetu taslimu, wakasema watatusajili kwa pamoja, juu yake wakaweka "ya usumbufu". Risiti? "Mama, kitabu kimeisha." Kila nikipita ofisini, "Mama, mfumo unasumbua." Mfumo ukasumbua hadi dirisha la kawaida likafungwa, tukaingia kwenye faini, na faini tukalipa sisi. Kumbe malipo ya Baraza yana kontroli namba, unalipa mwenyewe kwa simu na ujumbe unabaki kwako. Nenda mwenyewe kwenye kituo cha mtihani, kile chenye namba inayoanza na P, ujisajili. Hii kazi usimwachie mtu.

Ada ni 35,000 kwa mwezi, si mbaya. Vipindi vinaanza saa kumi na moja na nusu, na kwa foleni ya Tazara (hilo daraja la Mfugale tulilipokea kwa vigelegele, foleni ikahamia mbele) nachelewa mara nyingi. Hawafungii mtu nje. Kina mama wanakuja na watoto, mmoja analala juu ya khanga nyuma ya darasa na hakuna anayenuna. Kwa mtu mzima hilo lina uzito wake.

Niliwahi kuwaza kwenda Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pale Mtaa wa Bibi Titi, ni ya serikali na ipo kwa sheria tangu 1975. Kwa anayefanya kazi Posta au Kariakoo, ningesema aanzie hapo kuulizia. Mimi nakaa Yombo, kurudi usiku kutoka huko siwezi.

Kwa hiyo nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za yule kijana wa hesabu. Akihama, nami nabeba daftari namfuata. Ukitaka kumwona, njoo Jumatano jioni ukae nyuma, hawakuulizi kitu kipindi cha kwanza. Wakianza kukutajia hela ya usajili, waambie utalipa mwenyewe.