Dodoma hadi Lugalo na Kalenga: uzoefu wangu wa ziara ya siku mbili

Mjomba wangu alitumikia jeshi miaka mingi, sehemu kubwa akiwa kambi ya Lugalo, Dar es Salaam. Mwezi uliopita ndipo alipoikanyaga Lugalo yenyewe, ile ya Iringa iliyoipa kambi jina. Kwa hilo peke yake, sijutii hata senti.

Tulikuwa wanne. Tulilipa shilingi 140,000 kila mtu kwa wakala mmoja hapa Dodoma: Noah, muongozaji, na kulala usiku mmoja Iringa. Lililoniudhi nilitoe mapema. Gari tuliahidiwa saa 12 asubuhi, likaja saa 2 na nusu, na dereva hakusema hata pole. Barabara ya Mtera ni lami na bwawa linapendeza, ila muda ule tuliudai hadi mwisho wa safari.

Muongozaji tulimkuta Iringa, kijana wa Kihehe. Alitusalimu "Kamwene", akamwamkia mjomba shikamoo, kisha akabadilisha ratiba: Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe, ingesubiri kesho, kwa sababu haieleweki kwa mtu ambaye hajafika Lugalo. Nampa alama zote kwa uamuzi huo.

Lugalo iko mashariki ya mji, kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Kuna mnara wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa pale, lakini hakutuanzia hapo. Alitupanga mstari mmoja, kila mtu mbali na mwenzake, tukatembea kimya kando ya vichaka. Hivyo ndivyo alivyopita Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani waliyempachika jina la Nyundo, tarehe 17 Agosti 1891: askari zaidi ya 300 na wapagazi wao, msafara umenyooka kama kamba, silaha nzito bado mizigo. Wapiganaji wa Mkwawa walikuwa wamejificha na mikuki yao. Kwa dakika chache Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake walikuwa wamekufa.

Mjomba alisimama ghafla. "Mpwa wangu, wa mbele akipigwa hapa, wa nyuma hana habari." Akarudi nyuma, akapima kwa hatua, akarudia tena. Kijana alimwacha amalize, hakumharakisha. Waongozaji wengi niliowahi kuwalipa wangeanza kuangalia saa.

Asubuhi tukaenda Kalenga, karibu tu na mji. Wajerumani walirudi na mizinga, na ngome ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Yaani Lugalo iliwachelewesha miaka mitatu. Ndani ya makumbusho limo fuvu la Mtwa Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe, likarudi 1954, likitokea Bremen, mikononi mwa Gavana wa Tanganyika, Edward Twining. Mjomba alivua kofia. Sisi wengine tulinyamaza, na mimi machozi yalinilenga.

Nilitamani tufike na Mlambalasi, alikojiua Mkwawa mwaka 1898 badala ya kukamatwa. Dereva akadai giza lisitukute njiani. Saa mbili na nusu tulizocheleweshwa asubuhi ya kwanza zingetutosha.

Kwa hiyo: muongozaji, nyota tano. Usafiri, mbili. Mjomba ameshasema tutarudi kwa basi mvua zikikatika, na kijana yule tumemwomba atutengee siku nzima ya Mlambalasi.