Karakana ya majeneza ya Chang'ombe, Dodoma: mbao, viungo na kitako

Karakana ninayoieleza hapa iko upande wa Chang'ombe, jijini Dodoma, na kamati ya mazishi ya mtaa wetu, ambayo mimi ni katibu wake, huagiza majeneza hapo kila tunapofiwa. Ninaipima kwa kigezo ambacho wafiwa wengi hawana nafasi ya kukitumia usiku wa msiba: namna jeneza lilivyoungwa chini na mabegani, yaani sehemu zilezile ambazo vanishi na satini huzifunika.

Kitako ndicho cha kwanza kukaguliwa. Wabebaji wanaposhika vishikio vya ubavuni, uzito wote wa marehemu huning'inia kwenye kiungo kilichopo kati ya kitako na kuta, na kama mafundi wamepigilia misumari kutoka chini kwenda juu, basi kila hatua ya wabebaji huivuta misumari hiyo itoke. Katika karakana hii kitako huingizwa ndani ya kuta, hupakwa gundi ya mbao pembeni kote, kisha hukazwa kwa skrubu zinazopita ukutani kwa ulalo, hivyo kitako hakiwezi kushuka bila skrubu zenyewe kukatika. Chini yake hupigwa vipande vitatu vya mbao vinavyokatiza upana, ambavyo hukipa nguvu wakati wa kuteremsha kaburini, maana kamba hukibana mahali pawili au patatu tu. Nimeomba jeneza ligeuzwe mbele yangu zaidi ya mara moja, na mafundi hawakunung'unika.

Mabega ni mtihani wa pili. Jeneza letu la kawaida lina pembe sita, na pale linapopanuka kwa ajili ya mabega ndipo fundi mvivu huunga vipande viwili vya mbao kwa misumari na kuziba ufa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Hapa ubao wa ubavuni ni mmoja kutoka kichwani hadi miguuni. Fundi hukata mikato kadhaa ya msumeno upande wa ndani bila kuufikia uso wa nje, huumwagia maji ya moto, kisha huukunja taratibu hadi mikato ijifunge, na gundi iliyotiwa humo huushika ubao katika umbo lake jipya. Kazi hiyo inahitaji muda na mbao isiyo na fundo mahali pa kukunjia, na kwa maoni yangu ndiyo inayoitofautisha karakana hii na nyingine nilizoziona mjini.

Mbao nyingi wanazotumia ni paini za Mufindi, zinazoletwa kwa malori kupitia Iringa na Mtera. Huko zinakotoka kuna baridi na unyevu, ilhali Dodoma mvua ya mwaka mzima ni milimita 600 hivi au pungufu, na kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu sana. Mbao mbichi ikifika katika hewa hiyo husinyaa, na husinyaa kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, ndiyo maana mfuniko ulioungwa kwa mbao mbili au tatu hupata mwanya katikati baada ya siku chache. Mbao za hapa hupangwa kivulini kwa kutenganishwa na vijiti ili upepo upite. Siku moja nilipoharakisha oda, fundi mkuu aligonga ubao, akausikiliza, akaniambia: "Katibu, huu bado una maji. Ukiuchukua leo, kesho utaniletea lawama." Alinitengenezea kwa mbao nyingine iliyokauka, ingawa ilikuwa na rangi isiyolingana vizuri.

Mteja mwenye uwezo huelekezwa kwenye mninga au mkongo. Mninga nausifu kwa dhati, kwa sababu husinyaa kidogo sana ukilinganishwa na mbao nyingine, hushika skrubu vizuri na hauhitaji rangi ili upendeze. Hata hivyo, uzito ufikiriwe kabla ya sifa. Jeneza la mtu mzima lenye mbao za unene wa inchi moja hutumia karibu asilimia 9 ya mita moja ya ujazo, na kwa kiasi hicho paini hufikia takribani kilo 40 hadi 45, mninga hukaribia kilo 55, na mkongo huweza kuzidi kilo 70, kabla marehemu hajalazwa. Hapa Dodoma watumishi wengi husafirishwa kuzikwa kwao, Kagera, Mbeya au Kilimanjaro, na kilo hizo huwalemea wabebaji katika njia za migombani. Kwa safari za namna hiyo ninashauri paini kavu yenye kitako cha plaiwudi, ambayo tabaka zake hupishana mwelekeo na hivyo haipasuki kirahisi.

Kuna pia majeneza ya mbao za kusindikwa, zile zinazotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi, na haya siyapendekezi kwa maziko ya masika. Uso wake ni laini na hupokea rangi vizuri, lakini skrubu iliyoingizwa ukingoni hulegea, na maji yakipenya mahali ambapo rangi haikufika ubao huvimba na kumomonyoka. Karakana huyauza kwa bei nafuu na huyaeleza kwa uaminifu, jambo ambalo si kila muuzaji hulifanya.

Ndani, chini ya satini, hutandazwa nailoni na juu yake maranda makavu ya kunyonya majimaji. Dirisha la kuagia ni la plastiki ngumu badala ya kioo, uamuzi mzuri kwa barabara zenye makorongo.

Udhaifu upo. Vishikio ni vya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha na vimekazwa kwa skrubu fupi, na kimoja kilitoka mkononi mwa mbebaji wakati tukishusha jeneza kwenye gari. Tangu hapo tunaagiza vya chuma vinavyopita ukutani na kufungwa kwa nati ndani. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba hakuna orodha ya bei ukutani, hivyo mfiwa hupatana akiwa na machozi. Nchini Marekani kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyoanza kutumika mwaka 1984, inawalazimu watoa huduma za mazishi kuonyesha bei kwa maandishi, na inawakataza kudai kwamba jeneza lenye mpira wa kuziba hewa huhifadhi mwili kwa muda mrefu. Ninalitaja hili kwa sababu karakana ina jeneza moja la bati la chuma la mtindo wa huko, na kijana wa mauzo hulisifu kwa madai hayohayo. Anayelitaka aulize unene: bati la namba 18 lina milimita 1.2 hivi, la namba 20 lina 0.9, na namba inavyokuwa ndogo ndivyo chuma kinavyokuwa kinene.

Karakana hutengeneza pia majeneza ya misikiti, yale ya kubebea tu na kurudishwa, na uungaji wake ni imara kwa kuwa hutumika miaka mingi.

Ninaipendekeza kwa paini na mninga. Anayeagiza apeleke urefu wa marehemu na upana wa mabega uliopimwa mochwari, aulize vanishi imepakwa saa ngapi, na kabla ya kuondoka achukue kipimo cha nje cha jeneza pamoja na vishikio vyake, kwani hicho ndicho wachimba kaburi wanachokihitaji.