UM/UIM ya Texas: bima naipa nyota 4, huduma naipa 2

Nianze na maksi, maana najua kuna wanaosoma hii wakiwa kwenye foleni ya supamaketi ya H-E-B. Bima yenyewe, nyota 4 kati ya 5. Kampuni iliyoniuzia, nyota 2. Jina lake silitaji, kwa sababu nimesikiliza wenzangu hapa Houston walio na kampuni nyingine na hadithi zao ni zilezile.

Ninayoizungumzia ni ile sehemu ya bima ya gari inayoandikwa UM/UIM kwenye karatasi ya kwanza ya mkataba wako. Ukigongwa na dereva asiye na bima (hiyo ndiyo UM), au mwenye bima ndogo isiyotosha hasara aliyokutia (hiyo ndiyo UIM), kampuni yako wewe ndiyo inakulipa. Dereva anayekimbia baada ya kukugonga naye anahesabiwa hana bima. Sheria ya Texas inasema kampuni lazima ikuwekee, isipokuwa ukiikataa kwa maandishi.

Na kukataa kwenyewe ni rahisi mno. Nenda kwa mawakala wa bei chee, wale wa mitaa ya Bissonnet na Hillcroft, unawekewa lundo la karatasi za kusaini. Ndani yake moja ni ya kukataa UM/UIM, nyingine ya kukataa PIP, ile inayolipa matibabu yako mwenyewe, na zote zimeshachorewa X pale pa kuweka saini. Mtu ametoka zamu ya usiku, watoto wanalia ndani ya gari, anasaini zote na kuondoka akijua ana bima kubwa. Mimi aliyeniokoa ni wifi yangu, anafanya kazi ya mapokezi hospitalini na anaona bili za watu. Nilimpigia yeye simu, huku wakala yuko mbele yangu na kalamu mkononi. "Wifi, hizo mbili mrudishie kama zilivyo," akaniambia, "na kama anasema bei itapanda, muulize itapanda kwa dola ngapi." Haikufika dola 20 kwa mwezi, kwa magari mawili.

Nikagongwa kwenye barabara ya pembeni ya Beltway 8, karibu na Bellaire. Nimesimama taa nyekundu, pikapu ya kubebea ngazi ikaniparamia kwa nyuma. Bampa yote ndani, na mfuko wa unga wa sembe uliokuwa kwenye buti ukapasuka. Askari alipokuja kutazama akapiga chafya mpaka akaomba radhi. Kijana wa pikapu alikuwa mpole kabisa. Akatoa kadi yake ya bima, safi, tarehe hazijapita. Askari akaangalia kwenye mfumo wa TexasSure, ule unaoonyesha kama gari lina bima hai, akakuta ilishakatwa zamani. Ndivyo wengi wanavyofanya: unalipa mwezi wa kwanza, unapewa kadi ya miezi sita, halafu unaacha kulipa na kadi unabaki nayo mfukoni. Faini ya kukamatwa mara ya kwanza ni dola 175 hadi 350. Piga hesabu ya bima ya miezi sita kwa kijana mwanamume wa mjini, utaelewa kwa nini wanacheza hiyo bahati nasibu. Makadirio ya Insurance Research Council kwa Marekani nzima yamekuwa yakizunguka dereva mmoja kati ya saba au wanane, na hiyo ni wastani tu.

Upande wa gari sina lalamiko hata moja. Texas ukitumia UM kwa ajili ya gari unabeba dola 250 za mwanzo, basi. Ningepitia bima yangu ya kugongana ningebeba 1,000. Wakalipa gereji, wakalipa gari la kukodi, na kiti cha mtoto nacho wakalipa, kwa sababu vitu vilivyomo ndani ya gari vinahesabiwa. Unga sikuudai.

Upande wa mwili ndipo nyota zilipoanza kuanguka. Kwenye mkataba mambo ni mazuri: hakuna cha kuchangia kwanza, analipwa mtu bili za hospitali, mshahara aliokosa, na hata maumivu. Lakini shika hili: hapa kampuni yako imekaa kwenye kiti cha aliyekugonga. Yule afisa wa madai aliyekuwa ananiita kwa jina la kwanza na kunipa pole kuhusu Camry, tulipofika kwenye shingo akaanza kuniuliza kama kazi yangu ya kuinua wazee haikuwa imeniumiza tangu zamani. Akataka karatasi zangu zote za daktari za miaka ya nyuma. Kumbe ana haki ya kuvuta muda. Mahakama ya Juu ya Texas iliamua mwaka 2006, katika kesi ya Brainard, kwamba kampuni haidaiwi malipo ya UIM mpaka hukumu ya mahakama ithibitishe nani mwenye kosa na hasara ni kiasi gani, na makubaliano ya kumalizana na aliyekugonga, au yeye kukiri kosa, peke yake hayatoshi. Kwa hiyo mwenye haraka ni wewe, wao hawana. Mwisho nikachukua wakili, akachukua theluthi yake, tukakubaliana. Bili zimelipwa na kikabaki cha maana, ila kwa miezi ile yote kilichonishika ni PIP, ile ya pili ambayo wifi alinikataza kuisaini. Kiwango cha chini kabisa ni dola 2,500, lakini inalipa bila kuuliza nani mkosaji.

Shemeji zangu walisema si umshtaki tu yule kijana. Nimshtaki anipe nini? Texas mshahara wa mtu haukatwi kwa deni la namna hii, na nyumba anayoishi haiguswi. Utashinda, utapewa hukumu yenye mhuri, utaiweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Watu wanaifahamu UM na kuisahau UIM, wakati UIM ndiyo itakayowapata wengi. Dereva anayetii sheria ya Texas analazimika kuwa na 30/60/25 tu: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, 25,000 kwa mali. Chukua upasuaji wa mguu na miezi mitatu bila kazi, hasara imefika 80,000. Bima yake inatoa 30,000 na mlango unafungwa. Hizo 50,000 zilizobaki ndizo unazozidai kwenye UIM yako, kama ulinunua ya kutosha. Hapo usiwe na papara: kabla hujapokea zile 30,000 na kusaini kwamba mmemalizana, pata kibali cha maandishi kutoka kampuni yako. Ukisaini bila kibali unawapa sababu ya kukugomea.

Kasoro nyingine iliyonifanya nikate ile nyota moja ya bima yenyewe: kama aliyekukosakosa amekimbia, Texas inataka gari lake liwe limeligusa gari lako. Akikukata njia kwenye barabara kuu ya 610, ukamkwepa, ukaingia kwenye ukuta na yeye akapotea, kwa UM hulipwi. Kwa nini niadhibiwe kwa kukwepa vizuri, sijui. Na wakikugusa, ripoti polisi haraka. Ukisubiri mpaka kesho kutwa unawafurahisha.

Nimeshahuisha na nimepandisha hadi 100/300. UM/UIM haiwezi kuzidi kiwango cha bima unayowawekea wengine, kwa hiyo ilibidi nipandishe zote mbili. Bei ilipanda kidogo kuliko nilivyoogopa, maana ngazi ya kwanza ndiyo ghali, za juu zinaongezeka polepole.

Ndugu wa majimbo mengine, angalieni ya kwenu. Minnesota UM na UIM ni lazima, 25/50. Wale wa Portland, Maine, nanyi ni lazima, 50/100. Florida ndiyo ya kutisha: dereva wa kawaida anaweza kuwa halali kabisa barabarani bila bima ya kumlipa mtu aliyemjeruhi, kwa hiyo huko msifanye mchezo.

Mume wangu anaendesha Uber wikiendi, na bima yetu hii ya gari ya kawaida inakoma pale anapowasha programu. Wakala hakulisema hilo hata mara moja. Tulilikuta ukurasa wa nyuma kwa maandishi madogo. Tumeongeza nyongeza ya madereva wa programu, ni malipo ya pembeni, na hiyo nitaiandikia siku nyingine.