Maabara ndogo ya Mikindani, mi nimeridhika kabisa

Jamani nimetoka maabara moja binafsi hapa Mikindani na mwanangu, alimaliza dawa ya malaria, ule mseto wa siku tatu, wiki iliyopita halafu homa ikarudi, mi roho juu nikajua tu dawa feki. Nikasema mpimeni tena kile kipimo cha haraka, yule dada wa maabara akanambia taratibu, mama, kile kinatafuta protini ya vimelea na inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa, tutaangalia kwa hadubini. Hakuna malaria! Daktari akacheki akakuta ni sikio. Kituo cha kwanza wangenipa mseto tena bila kuuliza, inauma sana.

Nikauliza na chanjo ya malaria ya R21, wakanieleza ilijaribiwa hadi Bagamoyo kwetu huku, WHO wakaipitisha Oktoba 2023, dozi nne kuanzia miezi mitano, nilifurahi mno maana mtoto wa dada yangu tulimpoteza kwa malaria.

Benchi ni moja tu na joto lipo, wahini asubuhi. Nawapa nyota tano.