Supermicro A2SDi-4C-HLN4F: ubao mama kwa seva ya kuhifadhia data nyumbani

Wengi wanaotafuta ubao mama wa seva ya nyumbani huanza kwa kuuliza kasi ya prosesa, ilhali kazi ya kupokea mafaili, kuyatunza na kuyatoa haihitaji prosesa kubwa. Yafaa kuuliza kwanza diski ngapi zitaingia, RAM ya aina gani inakubalika, na seva isiyo na skrini wala kibodi itaongozwaje. Kwa mizani hiyo, ubao huu, ingawa si mpya, bado unastahili bei yake, ambayo kwa kweli si ndogo.

Una ukubwa wa Mini-ITX, yaani sentimita 17 kwa 17, na prosesa yake, Intel Atom C3558 iliyotoka mwaka 2017, ina viini vinne na imekadiriwa kutumia wati 16. Imechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo haibadilishwi.

Sifa yake kubwa ni matundu manane ya SATA, yaani ya kuchomekea diski, yanayotoka katika chipu ya Intel yenyewe. Mbao nyingi za bei nafuu zenye prosesa ndogo ya Intel N100 hupata matundu yake kupitia chipu ya pembeni, kama JMB585, ambayo diski zake tano hugawana njia mbili tu za PCIe 3.0 (mfumo wa kuunganisha vifaa na prosesa). Kwa diski za kuzunguka kasi hiyo yatosha, ila kati ya diski na mfumo kunaongezeka kifaa kingine kinachoweza kuleta matatizo. Tena Intel huikadiria N100 kwa GB 16 za RAM, bila ECC, yaani uwezo wa RAM kugundua na kurekebisha makosa ya data. Supermicro hii hupokea hadi GB 256 za RAM ya ECC ya seva, ambayo hupatikana hata mitumba kutoka mashine zilizoondolewa kazini. Anayetumia ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski unaokagua data, asidhani ukaguzi wake wa data unaifanya ECC kuwa anasa, kwa maana data ikiharibika ndani ya RAM kabla ya kukaguliwa, ZFS itaiandika ikiwa mbovu na kuithibitisha kuwa ni sahihi.

IPMI nayo, yaani kifaa cha kuongozea seva kutoka mbali, yenye tundu lake la mtandao, hukuwezesha kuwasha seva na kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao) ukiwa chumba kingine. Isifunguliwe kamwe kwa intaneti.

Matundu manne ya mtandao yanavutia kuliko yanavyofaa. Kila moja ni la gigabiti moja kwa sekunde, na hata yakiunganishwa, kompyuta moja inayonakili faili moja itapata takriban megabaiti 110 kwa sekunde, wakati diski kubwa za sasa huweza kupita 200. Anayehitaji zaidi atatumia nafasi pekee ya PCIe kwa kadi ya gigabiti 10.

Atom hii pia haina kitengo cha michoro, hivyo kwa mtu anayetaka seva ibadili muundo wa filamu kwa ajili ya simu na televisheni, N100 ni chaguo bora, tena kwa fedha kidogo.