Taa za juu kwa karakana iliyo chini ya bati: uzoefu wangu na LED za futi nne, Mikindani

Kwenye boksi la taa ya LED ya karakana kuna mstari wa joto la kufanyia kazi. Mara nyingi umeandikwa −20°C hadi +40°C, nyingine hufika +45°C au +50°C. Ushauri mwingi kuhusu taa za gereji umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ndiyo maana husifia nambari ya kushoto. Huko wana sababu: tyubu za zamani zenye choki na stata hufifia baridi inapozidi, kwa kuwa mvuke wa zebaki ndani ya tyubu hupungua na stata hubaki inapepesa bila taa kushika. Kwetu Mtwara na Lindi hata kipupwe cha Juni na Julai hakifiki hapo. Nambari ya kutazama ni ya kulia, na wauzaji wengi ukiwauliza hiyo nambari hawana jibu, kwa hiyo isome mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Taa ninazozielezea hapa ni LED za sm 120, wati 36, zenye lumeni 3,600 (kipimo cha wingi wa mwanga) kila moja, rangi ya mwanga ya 4000K, kinga ya IP65 dhidi ya vumbi na maji, kikomo cha joto +50°C, na draiva, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa nyumba kuwa ule unaofaa LED, inayokubali volti 100 hadi 277. Nimefunga nne kwenye chumba cha mita 4 kwa 5, bati bila silingi bodi, kuta za tofali zilizopigwa lipu. Kazi inayofanyika humo ni useremala wa mninga na kukereza mpingo. Zimeshapita masika na kiangazi, na zote bado zinawaka kama zilivyoanza.

Kinachoua LED kwenye nyumba zetu ni joto, na kinachotangulia kufa ni draiva. Vile vitone vya mwanga huwa bado vizima. Ndani ya draiva kuna kapasita zenye majimaji, na kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, umri wa kapasita hizo hupungua nusu. Sasa chukua taa uipige misumari moja kwa moja kwenye papi, sm chache chini ya bati lililopigwa jua tangu asubuhi. Saa nane mchana hewa ya pale juu huzidi kikomo cha +40°C hata kabla hujabonyeza swichi. Ndiyo sababu ya zile taa zinazoanza kupepesa baada ya miezi michache halafu watu wanasema LED zote ni feki.

Dawa ni kuzining'iniza. Zangu zinashuka kutoka kwenye kenchi kwa mnyororo mwembamba wa mabati, zikiwa mita 2.4 kutoka sakafuni, na juu yake kuna zaidi ya nusu mita ya hewa hadi kwenye bati. Hewa ya moto hukusanyika juu, taa inabaki kwenye hewa inayotembea. Mnyororo una faida nyingine: unapandisha au kushusha pete moja moja mpaka taa ikae sawa. Kulabu na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki vizuri. Kwa upepo wa kusi na chumvi ya bahari, skrubu ya kawaida huanza kutoa machozi ya kutu kwenye kuta kabla ya mwaka kuisha. Klipu za kufungia kifuniko cha taa nazo ziangalie dukani. Za chuma chembamba huliwa haraka, na zikishakatika kifuniko hakibani tena.

Kuhusu idadi, hesabu ni fupi. Luksi moja ni lumeni moja kwa mita moja ya mraba. Nne kwa 3,600 ni lumeni 14,400. Katika chumba cha kawaida, chukulia nusu tu ndiyo inayofika kwenye meza. Nyingine humezwa na kuta, paa na vumbi. Nusu hiyo, 7,200, ukigawa kwa mita za mraba 20 unapata luksi 360. Kwa kupima, kukata na kupiga randa inatosha. Kwa kazi ya macho, yaani kuchonga, kukereza na kumalizia kwa msasa laini, haitoshi, hasa kwa mpingo. Mpingo ni mweusi na haurudishi mwanga, kwa hiyo mwanga unaokuonyesha kila mkwaruzo kwenye mninga, kwenye mpingo hauonyeshi kitu. Badala ya kuongeza taa juu, weka taa ya mkono wa kupinda karibu na mashine ya kukereza, LED ya wati 10 hadi 12 yenye kofia, ikimulika kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaofanya mikwaruzo itoe vivuli. Mistari ya kupimia uiweke kwa chaki au penseli nyeupe.

Kabla ya kununua taa ya tano, paka rangi. Mimi nimepaka nyeupe nusu ya juu ya kuta, na upande wa ndani wa bati. Bati lililochakaa humeza mwanga wote unaopanda. Chokaa inafanya kazi pia na ni ya bei nafuu, ila hudondosha unga kwenye vanishi mbichi, kwa hiyo juu ya meza ya kumalizia tumia rangi ya maji.

Mpangilio una uzito kuliko wati. Meza yangu iko kwenye ukuta mrefu na ina upana wa sm 60. Safu ya kwanza ya taa mbili inapita sm 65 kutoka ukutani, yaani karibu juu ya ukingo wa mbele wa meza. Ukiipeleka katikati ya chumba, taa itakuwa nyuma ya kichwa chako na utafanya kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe. Safu ya pili iko mita 1.2 kutoka ukuta wa pili. Umbali kati ya safu na safu unabaki mita 2.15. Taa ziko mita 1.5 juu ya meza ya sm 90, na nafasi kati ya safu isizidi mara moja na nusu ya urefu huo; ukizidisha, katikati kunabaki giza. Taa nne zilizotawanyika huua vivuli, taa moja kubwa ya duara ya wati 100 huvizalisha. Zile za duara zimetengenezwa kwa maghala yenye kimo cha mita 5 na kuendelea. Kwa mita 2 na nusu zinachoma macho kila ukiinua ubao.

Rangi ya mwanga: madukani mwetu nyingi ni 6500K, ule weupe wa kibuluu. Nilichagua 4000K kwa sababu mbili. Mninga na mkongo chini ya 6500K huonekana wa kijivu, na vanishi ya rangi utakayoichanganya usiku itakushangaza asubuhi. Pili, wadudu. Mwanga wenye buluu nyingi huwavuta zaidi, na msimu wa kumbikumbi karakana yenye dirisha wazi hujaa mbawa kwenye vanishi. Kwa 4000K hawakomi, lakini wanapungua. Angalia pia herufi CRI au Ra kwenye boksi, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu. 80 ni ya chini kabisa kwa useremala, 90 ni nzuri kwa kulinganisha rangi. Zangu ni 80, na hapa ndipo ninapozipunguzia alama: mpaka kati ya moyo wa mninga na ule ubao mweupe wa nje wakati mwingine nauhakikisha kwa mwanga wa mlangoni.

Umeme sasa. Jioni volti hushuka, na umeme ukirudi baada ya kukatika huja na kishindo. Draiva iliyoandikwa 220–240V tu hufifia au kuzima volti zikishuka. Yenye 100–277V haijui tofauti. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya tofauti ya bei, karibu mara mbili ya taa za kawaida, na kwangu imelipa. Kishindo cha umeme kinahitaji kifaa cha kuzuia mruko kwenye mein swichi, kwa sababu upana wa volti za draiva hauzuii hilo.

Kuna jambo la draiva ambalo kwa mwenye mashine ya kuzunguka ni la usalama. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa yenye draiva duni, au tyubu ya zamani ya choki, hupiga mwanga mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Mashine ya kukereza ikizunguka mara 1,500 kwa dakika ni mizunguko 25 kwa sekunde, hivyo kila mzunguko unapata mapigo manne ya mwanga. Kishikio cha meno manne kitaonekana kimesimama kabisa huku kinazunguka. Mkono ukienda hapo hurudi bila vidole. Kupima dukani ni rahisi: omba taa iwashwe, elekeza kamera ya simu kwa karibu. Michirizi mizito myeusi inayotembea kwenye skrini maana yake iache. Au punga penseli kwa kasi mbele ya taa. Ukiona penseli nyingi zimejipanga kama ngazi badala ya ukungu mmoja, taa inapepesa.

IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kumwagiwa hayaingii, ila kinga hiyo huvunjwa na fundi. Shimo la kuingizia waya lina raba ya duara. Mafundi wengi hupitisha pale waya bapa wa kawaida wa nyumba, na raba haiwezi kuubana. Pembeni inabaki nafasi, unga wa mbao na sisimizi wanaingia, unyevu wa bahari unafuata. Tumia waya laini wa duara wenye nyuzi tatu, mm za mraba 1 au 1.5, kutoka kwenye boksi la maungio hadi kwenye taa, kisha kaza nati mpaka waya usivutike. Waya wa ardhi uunganishwe kwenye fremu kama ni ya chuma. Mstari mzima wa taa uwe wa mm 1.5 na breka yake ya ampea 6 au 10, mbali na breka ya mashine, ili msumeno ukiangusha breka usibaki gizani wakati meno bado yanazunguka.

IP65 haizuii mlipuko wa mvuke wa thina. Ukipiga vanishi ya thina kwa mashine ya upepo, toka nje au fungua pande zote mbili. Kifuniko cha plastiki usikifute kwa thina wala petroli, kitapasuka nyufa ndogondogo kisha kigeuke ukungu. Sabuni na maji, umeme ukiwa umezimwa, kila mwezi kwa karakana yenye msumeno wa meza. Unga ulioganda hupunguza mwanga kuliko mtu anavyodhani.

Taa hizi zinafunguka, na draiva yake ni kipande peke yake. Ikifa, soma lebo: zangu zinatoa mA 300 na volti DC 90 hadi 130. Mpya lazima iwe na mA zilezile, na volti za taa ziingie ndani ya kipimo chake. Epuka zile zilizozibwa kwa gundi, ambazo draiva ikifa unatupa taa nzima.

Mwenye fremu za tyubu za zamani anaweza kuweka tyubu za LED, ila kwanza atoe choki na stata na kuunganisha upya kwa mchoro ulio kwenye boksi. Kuna zinazopokea laini na nyutro upande mmoja, na zinazopokea laini upande huu na nyutro upande ule. Usizichanganye, na hizi za pili usizichomeke umeme ukiwa umewashwa, kwani upande mmoja ukishaingia, pini za upande wa pili zinaweza kukurusha.

Nne kwa wati 36 ni wati 144. Kwa saa tano kwa siku ni yuniti 0.72, kama yuniti 22 kwa mwezi.

Ongeza taa moja ndogo yenye betri ndani, juu ya mashine hatari kuliko zote, kwa ajili ya umeme kukatika. Mwambie fundi waya wake wa kuchaji aupitishe kabla ya swichi, siyo baada yake. Ukipita baada ya swichi, betri haichaji mchana na kila ukizima taa itadhani umeme umekatika, itajimaliza usiku kucha.