Mkanda wa kunolea wembe kutoka kwa fundi viatu: miezi kumi na moja ya kuutumia, Kigoma

Wembe wangu wa kwanza wa kukunja ulidumu wiki tatu. Sikuudondosha wala sikuukatia kamba. Nilinyoa, nikausuuza, nikaukunja ukiwa bado na majimaji, nikauacha kwenye dirisha la bafuni. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Nilipoukunjua tena, vidoa vya kahawia vilikuwa vimetambaa hadi kwenye makali, na nilipougusisha shavuni ulikwaruza kama msumeno.

Naishi Mwanga, hapahapa Kigoma mjini. Huku mwisho wa reli, mvua zikianza Novemba mpaka zije zikate Mei, hata chumvi inalowa ndani ya kopo. Wembe wa chuma cha kaboni (ile isiyo na madini ya kuzuia kutu) hauwezi kuvumilia hali hiyo. Ningeweza kurudi kwenye vile vya kutupa vya nyembe tatu, lakini hivyo vilikuwa vinaniachia vipele shingoni, na wembe wa kukunja ndio ulionipumzisha.

Wa pili niliuagiza kwa muuzaji wa mtandaoni. Umeshatumika, shinani umegongwa muhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani wa wafua nyembe na visu, ambao jina lake linalindwa kisheria kule tangu 1938. Kwenye wembe sina neno. Ila muuzaji alinifungia pamoja nao "mkanda wa ngozi halisi" kwa pesa ya ziada. Ngozi gani! Ilikuwa ile ya bandia ya kwenye makochi, baada ya wiki mbili ikaanza kubanduka magamba. Nikampigia, hakupokea. Nikatuma picha, akazisoma, kimya.

Basi nikaenda sokoni kwa fundi viatu mmoja, mzee, nikamwambia, "Shikamoo mzee, nahitaji mkanda wa kunolea wembe." Akaitika, akaniangalia kidevu kwanza. "Ule wa vinyozi wa zamani?" Nikamwambia ndiyo. Akanichagulia kipande cha ngozi ya ng'ombe kisicho na kovu wala tundu la kupe, akakata sentimita 45 kwa 6, nyuma akashonea kipande cha suruali ya jinsi ya mtumba, mwisho mmoja akatia pete ya chuma ya kuning'inizia. Sh 18,000, na nilingoja siku mbili.

Niseme kasoro zake mapema. Aliumalizia kwa dawa ya viatu nyeusi ili upendeze, na kweli ulipendeza, ila asubuhi ya kwanza nilikwenda kazini na mstari mweusi shavuni kama nimepakwa masizi. Ilinibidi niupanguse kwa kitambaa na spiriti mara tatu. Pia ni mwembamba kidogo: makali ya wembe wangu yana sentimita kama 7, kwa hiyo siwezi kuvuta moja kwa moja, lazima nivute kwa mshazari ili kisigino na ncha vyote viguse ngozi. Umeshazoeleka mkononi, lakini ukienda kushonewa wako, taja upana.

Sasa kazi yenyewe. Nikimaliza kunyoa tu, kabla hata ya kujipaka chochote usoni, nausuuza wembe kwa maji ya moto ili povu lote litoke. Nafuta kwa kipande cha khanga kuukuu, kuanzia mgongoni kwenda kwenye makali. Ukifuta kuelekea mgongoni utachana kitambaa, na labda kidole. Pale kwenye msumari unaoshika mpini maji hujificha, napitisha karatasi laini iliyokunjwa. Halafu naning'iniza mkanda kwenye kitasa cha mlango, nauvuta ukakamae, napitisha wembe upande wa jinsi mara 20, kisha upande wa ngozi mara 10. Jinsi inakausha yale maji ambayo jicho halioni, ngozi inanyoosha makali. Maana ndevu haziyali makali kwanza, zinayapinda, na hayo mapindo madogo ndiyo unayoyahisi yakikukwaruza kesho yake. Asubuhi ya kunyoa napitisha tena kwenye ngozi mara 40 hivi.

Mgongo ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake bila kuunyanyua, ndipo unarudi. Usikandamize, na mkanda usilegee, la sivyo makali yanakuwa butu ya mviringo. Wiki ya kwanza niliugeuza vibaya nikauchana mkanda mkato wa sentimita mbili. Nilipompelekea mzee alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mwanangu, hii ngozi ilishachinjwa." Akagandisha kwa gundi, akapitisha msasa laini, hakunidai kitu.

Kwenye mafuta ndiko nilikopotea zaidi. Nyumba ya Kigoma haikosi mawese, nami nikajipa akili kwamba mafuta ni mafuta. Kufika asubuhi yalikuwa yameganda kwenye ubapa, yanata, yamekusanya vumbi, na shingo ikabaki na rangi ya machungwa. Nikajaribu ya mise (kokwa za mchikichi), yakawa hayohayo pamoja na harufu. Mzee ndiye aliyeniambia nitumie mafuta ya cherehani, tone moja, likisambazwa kwa kidole kuanzia mgongoni. Akaniuliza kama naijua habari ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha ziwani 1916, mafundi wao waliipaka mitambo girisi nene kwanza. Waingereza walipoiibua 1924 wakakuta mitambo bado ina uhai, na 1927 meli ikarudi kazini. "Miaka minane chini ya maji," akasema, "na wewe wembe wako umekushinda dirishani." Sikuwa na la kujibu. Chupa ndogo ya mafuta hayo nilinunua Sh 2,000 na bado haijafika nusu.

Wembe siuweki tena bafuni, unalala kwenye droo chumbani, bila mfuko wa ngozi, kwa sababu mfuko nao unashika unyevu. Na siuazimi. Mdogo wangu aliuomba siku ya harusi ya rafiki yake, nikamnunulia wake wa kutupa; homa ya ini na virusi vya UKIMWI havichagui undugu.

Nanyoa mara mbili kwa wiki. Kwa miezi yote hii kumi na moja kwenye kinoo nimeupeleka mara moja tu, Machi, na si kwa sababu ya kutu. Kidoa kipya hakuna hata kimoja. Mkanda wenyewe ngozi imelainika, imepata mng'ao wake bila dawa ya viatu, isipokuwa mshono wa kwenye pete umeanza kuachia. Jumamosi nampelekea mzee. Namwagizia na wa pili, sentimita 7 na nusu, na safari hii nasimama hapohapo mpaka nione kopo la dawa nyeusi limefunikwa.